Hapana Saba

Firdausi binti Halidi alikuwa mtu wa kuota macho wazi tangu utotoni. Mama yake, Bi Tatu, alikuwa akimtuma kisimani kule Kisarawe, naye husimama katikati ya njia, ndoo kichwani, akitazama ukungu unavyopanda kutoka mabondeni na kumeza mkorosho mmoja baada ya mwingine, mpaka akasahau alikokuwa akienda. "Huyu mtoto mwili uko hapa, roho imeshapanda gari," Bi Tatu alizoea kuwaambia majirani. Alichapwa kwa hilo, akachekwa kwa hilo, na alipokua akapata kazi kwa hilo hilo.

Kazi yenyewe ilikuwa kuuza bima ya maisha. Alipanga chumba Mkuza, pale Kibaha, akapewa begi la mgongoni, fulana yenye nembo ya kampuni na rundo la fomu. Mawakala wenzake walikimbizana na watu stendi na sokoni, wakiongea haraka kama wanaonadi nguo. Yeye alikwenda vijijini. Alikaa kwenye mkeka wa wenyeji, akapokea maji, akatulia, kisha akaanza kusema polepole, kama mtu anayesimulia kitu anachokiona mbele yake.

"Chukulia ni siku ambayo wewe haupo," alikuwa akisema. "Kumekucha vizuri. Majogoo wamewika, shamba halijauzwa, mkeo hajaenda kuinamisha kichwa kwa mtu. Mjukuu anavaa sare za shule. Anauliza, viatu hivi kaninunulia nani? Anaambiwa, babu yako."

Wasikilizaji wengine walijipangusa macho kwa ncha ya khanga. Halafu waliomba kalamu.

Haikuwa hila. Firdausi aliiona kweli ile asubuhi: aliuona umande kwenye majani ya muhogo, akaisikia sauti ya mtoto anayefunga kamba za viatu. Aliamini kila neno alilolisema. Kilichomshinda ni vitu vilivyokuwa karibu zaidi, kama karatasi iliyokuwa magotini mwake.

Fomu ilikuwa ya Kiingereza, kurasa nne. Ukurasa wa tatu ulikuwa na maswali saba ya afya: moyo, presha, sukari, figo, pumu, saratani, na la saba kama mtu amewahi kulazwa hospitalini. Mbele ya kila swali palikuwa na visanduku viwili, cha ndiyo na cha hapana. Anselmi, msimamizi wao, mtu wa maneno laini na viatu visivyoshika vumbi, alikuwa amewapa somo tangu siku ya kwanza.

"Ukimuuliza mtu wa shamba habari za magonjwa, anaogopa. Anadhani unamtabiria. Wewe weka hapana saba, songa mbele. Nani atakuja kufukua?"

Firdausi akaweka hapana saba kwa wa kwanza, na kwa wa pili, na mkono ukazoea kama unavyozoea kufunga kitasa cha mlango.

Siku aliyofika kwa Mzee Salehe ilikuwa mwezi wa nane, mikorosho imechanua. Mzee alikuwa mkulima, amezaliwa na kuzeekea kijiji kimoja nje ya Mlandizi, upande wa kwenda Kwala, ambako malori ya makontena siku hizi hupita yakiacha vumbi jekundu juu ya kila jani. Alikuwa ameketi barazani akichonga mpini wa jembe. Mkewe, Bi Kudra, alileta chai. Kikombe cha mgeni kilikuwa na sukari, cha mzee hakikuwa nayo.

"Mimi na huyo mtamu tumeachana," mzee alisema akicheka. "Mwaka wa sita huu. Nina ugonjwa wa sukari, binti yangu. Vidonge asubuhi, vidonge jioni." Akaingiza vidole kwenye mfuko wa shati, akatoa kadi ya kliniki iliyofungwa kwenye nailoni, akaiweka juu ya mkeka ili mgeni aione.

Firdausi aliiona. Maneno pia aliyasikia. Lakini harufu ya maua ya mikorosho ilikuwa imejaa hewani, nzito, tamu, nyuki wakivuma juu ya paa, na kwenye mwanga ule alikuwa ameshaanza kuiona asubuhi ya watu hawa wawili: mama huyu ameketi pale pale barazani, peke yake lakini hana shaka. Kalamu ilishuka yenyewe. Hapana, hapana, hapana, mpaka saba.

"Umeandika na ile sukari?" mzee aliuliza akiwa ameishika kalamu tayari.

"Usiwe na wasiwasi, mzee. Yote yamo."

Mzee Salehe akaandika jina lake polepole, ulimi nje, herufi sita zilizopanda mlima kidogo kuelekea mwisho wa mstari.

Alilipa kila mwezi kwa simu, miaka miwili, bila kuruka hata mwezi mmoja. Kisha mguu ukapata kidonda, kidonda kikakataa dawa, na mwezi wa kumi na moja, siku ya mvua, akafariki. Firdausi alipata habari kwa kusikia, akasoma Fatiha akiwa njiani, akajiambia kwamba sasa ile asubuhi itatimia. Mambo ya madai hayakuwa yake, yalikuwa ya ofisi.

Ikapita miezi zaidi ya minne. Alasiri moja alikuwa amekaa nje ya chumba chake Mkuza, akitazama mwanga unavyocheza kwenye maji ya beseni, akainua macho akamwona Bi Kudra amesimama mbele yake, amejitanda khanga mbili, mkononi ana bahasha. Kwa kitambo hakujua kama anamwona au anamwota.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Eda nimeitoka juzi. Safari yangu ya kwanza ndiyo hii."

Firdausi akamletea kigoda na maji. Mama hakuyanywa. Akaifungua ile bahasha kwa uangalifu, kama mtu anayefungua kitambaa chenye kitu cha kuvunjika.

"Shemeji yangu Hamidu ndiye aliyekuwa akifuatilia, maana mimi nilikuwa ndani. Barua ilipokuja akaipeleka kwa mwalimu akasomewa. Toka siku hiyo Hamidu hakai kwenye mazungumzo ya kaka yake. Ukimtaja Salehe, anainuka. Kijiji kizima kinasema marehemu alidanganya." Akamnyooshea barua. "Nimekuja unisomee wewe, kwa sababu wewe ulikuwapo."

Firdausi akasoma, akigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili kadiri alivyokwenda. Sauti yake ilimjia kutoka mbali, kama ya mtu anayesoma chumba cha pili. Kampuni inatoa pole. Kampuni imepitia kumbukumbu za hospitali. Imebainika kwamba mteja alificha kwa makusudi ugonjwa wa sukari aliokuwa nao kabla ya mkataba. Kwa hiyo mkataba umefutwa.

"Rudia hapo pa kuficha."

Akarudia.

"Alikwambia," alisema Bi Kudra. Hakuuliza. "Mimi nilikuwa nimeshika birika."

Firdausi alitazama maji ya beseni. Alitamani roho ipande gari kama ilivyozoea, iende zake, lakini siku hiyo ilikaa.

"Fedha zikija, alhamdulillahi," mama aliendelea. "Zisipokuja, tulikuwa tukiishi kabla ya fomu yenu. Lakini hilo neno liondoke. Mtu yuko kaburini, hawezi kujibu."

Kesho yake Firdausi alikwenda ofisini. Anselmi alimsikiliza akiwa amefunga mlango, akamtilia kahawa, akamwita dada.

"Saini ni ya nani pale chini? Ya mzee. Na juu ya saini pameandikwa kwamba majibu yote ni ya kweli na ni yake. Hapo ndipo mambo yalipoishia."

"Hakuweza kuisoma, kaka Anselmi."

"Angeomba asomewe."

"Aliniuliza mimi. Nikamwambia yote yamo."

Anselmi aliweka kikombe chini. Ulaini ukatoka sautini. "Ukilisema hilo nje ya mlango huu, leseni yako imekwenda. Na hutakwenda peke yako, maana wataanza kuuliza nani alikufundisha. Nenda kwenu ukapumzike siku mbili tatu. Umechoka."

Akaenda kwao. Basi lilipopanda vilima vya Kisarawe mvua za masika zilikuwa zimekatika kidogo, ukungu umelala juu ya barabara, na nyumba zilikuwa zikitokea na kupotea kana kwamba hazijaamua kama zipo. Alikuta mama yake uani akigeuza makopa ya muhogo juu ya jamvi, akilalamika kwamba jua la siku hizi halina nguvu. Walikula bada, ugali wa muhogo, kwa kisamvu. Bi Tatu hakumuuliza amekuja kufanya nini. Alimwachia amalize kutazama ukungu.

Baadaye Firdausi akasema, kama jambo dogo tu, "Mama, ile karatasi ya bima niliyokukatia, iko wapi?"

"Sandukuni, chini ya doti ya khanga ya harusi ya dada yako. Kuna nini?"

Aliipata ilipotajwa. Ilikuwa ya wiki yake ya kwanza kazini, alipokuwa akitafuta majina ya kutimiza idadi, na mama aliweka saini akiwa amesimama, mwiko mkono wa pili, chungu kikichemka. Akafungua ukurasa wa tatu. Mwandiko ulikuwa wake. Hapana zilikuwa saba, zimenyooka vizuri kama mstari wa wanafunzi.

Mama alikuja akasimama nyuma yake akipangusa mikono.

"Hapo pameandikwa nini?"

"Maswali ya afya."

"Hukuniuliza hata moja."

"Nilikuwa nayajua majibu, mama."

"Ulijua nini?"

"Kwamba una presha. Tangu nikiwa darasa la sita."

"Ukaandika?"

"Hapana."

Bi Tatu alikaa juu ya sanduku. Akaitazama ile karatasi asiyoweza kuisoma, na uani kuku walikuwa wakipanda juu ya makopa bila mtu kuwafukuza.

"Anayepokea nikifa ni nani?"

"Mimi."

"Kwa hiyo siku hiyo wewe ndiye utakayeletewa barua kwamba mama yako alikuwa mwongo." Alisema bila hasira, kama anayejaribu kuelewa jambo la nchi nyingine. "Na utawajibu nini?"

Firdausi alilia siku hiyo mchana kweupe, kilio cha kitoto, na mama yake hakumbembeleza. Alitoka akaenda kufukuza kuku.

Wiki iliyofuata Firdausi alimfuata Bi Kudra kijijini. Hakukaa kwenye mkeka. Alisema akiwa amesimama uani, mbele ya Hamidu pia, kwamba marehemu alisema ukweli na yeye ndiye aliyeandika uongo. Hamidu, mzee mfupi mwenye ndevu nyeupe, aligeuka akaingia ndani ya nyumba, wakamsikia akijikohoza kwa nguvu kama mtu anayepaliwa. Bi Kudra alisema neno moja tu: "Twende."

Walianza na kampuni yenyewe, maana ndivyo utaratibu ulivyo. Waliandika malalamiko, wakasubiri siku walizotakiwa kusubiri, wakajibiwa kwa barua ileile iliyobadilishwa tarehe. Ndipo wakayapeleka kwa msuluhishi wa migogoro ya bima, ofisi ambayo Firdausi alikuwa amepita mbele ya tangazo lake mara nyingi bila kujiuliza ni ya nani. Walijaziwa fomu ya Kiswahili. Karani alimsomea Bi Kudra kila swali kwa sauti, akangoja jibu, ndipo akaandika. Firdausi aliketi pembeni akitazama kalamu ile inavyongoja, na moyo ukamuuma kuliko kama angetukanwa.

Shauri lilisikilizwa Kibaha, katika chumba kidogo chenye meza moja ndefu na mapazia ya kijani. Upepo ulikuwa ukiyajaza na kuyaachia, chumba kikawa kama kinapumua. Msuluhishi alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Upande wa kampuni alikuja mwanasheria kijana, jina lake Seif, mwenye adabu sana.

Bi Kudra alitoa kadi ya kliniki kutoka kwenye nailoni yake. Msuluhishi akaigeuza mkononi. Tarehe zake zilianza miaka sita kabla ya fomu, na pembe zake zilikuwa zimelainika kwa kubebwa.

"Alikuwa akiiweka wapi?"

"Mfuko wa shati. Hata msikitini alikwenda nayo. Alikuwa akisema akianguka njiani watu wajue wamsaidieje."

Seif alimgeukia Firdausi. "Una ushahidi gani kwamba marehemu alikwambia?"

"Ushahidi ni mimi."

"Unafahamu kwamba unajishtaki mwenyewe?"

"Nafahamu."

Msuluhishi akauliza, "Fomu ilikuwa ya lugha gani?"

"Kiingereza."

"Marehemu alijua Kiingereza?"

"Alijua gudimoni," alijibu Bi Kudra kabla Firdausi hajafumbua kinywa. "Wanafunzi walikuwa wakimsalimia wakipita."

Mtu mmoja alicheka kidogo, akajizuia. Msuluhishi alivua miwani, ikaning'inia kifuani.

"Binti, ulipokuwa ukiandika hapana mbele ya neno sukari, na mtu amekuonyesha kadi, ulikuwa ukifikiria nini?"

Firdausi alikuwa ameandaa jibu kuhusu mafunzo, kuhusu idadi waliyopangiwa, kuhusu Anselmi. Yote hayo aliyasema baadaye, na yaliandikwa. Lakini mapazia yalijaa upepo, na kilichotoka kinywani kwanza kilikuwa kingine.

"Sikuwa nikifikiria. Nilikuwa nanusa maua ya mikorosho. Nilikuwa naiona familia yake ikiwa salama, naiona vizuri kabisa, mpaka yeye mwenyewe aliyekuwa mbele yangu sikumsikiliza. Aliniuliza kama nimeandika. Nikamdanganya kwa sababu jibu la kweli lingenichelewesha."

Bi Kudra alikuwa akitazama mikono yake.

Uamuzi ulitoka baada ya wiki kadhaa, nao ulisomwa kwa Kiswahili. Wakala alikuwa wa kampuni, amevaa nembo ya kampuni, amebeba fomu za kampuni. Alichoambiwa wakala, imeambiwa kampuni. Mzee Salehe hakuficha kitu. Mafao yalipwe. Barua ya kwanza ifutwe kwa barua nyingine, ya lugha ambayo mjane anaielewa. Na wateja wote walioandikiwa na wakala huyu wafuatwe, waulizwe upya, wajibu wenyewe.

Leseni ya Firdausi ilichukuliwa, kama alivyoambiwa. Anselmi alihamishiwa mkoa mwingine, na viatu vyake pengine bado havishiki vumbi huko. Hapo Firdausi hakuridhika, lakini haikuwa mikononi mwake. Alirudisha begi na fulana, akafunga virago vya Mkuza, akahamia kwa mama yake, akawa anasaga makopa na kuuza unga. Kabla ya kuondoka alizunguka vijiji wiki tatu kwa miguu yake, hakungoja kampuni. Waliomfukuza walikuwepo. Mama mmoja alimmwagia maji ya vyombo miguuni, naye akasimama mpaka maji yakaisha, kisha akamweleza lililomleta. Bi Tatu naye aliulizwa maswali saba na wakala mwingine, akajibu ndiyo mbili, akaongezewa mchango wa kila mwezi, akanung'unika siku nzima, kisha akalipa.

Msamaha haukuja kwa haraka. Siku ya uamuzi, pale nje ya chumba, Firdausi alimpigia magoti Bi Kudra, na mama akamwinua kwa kiwiko. "Usiniharakishe," alimwambia. "Moyo si fomu." Wakaachana hapo, mmoja akashika njia ya Mlandizi, mwingine ya Kisarawe, na miezi ikapita bila salamu.

Kisha ukaja ujumbe mfupi kwenye simu: Jumamosi ni hitima ya mwaka ya marehemu. Hapakuwa na neno la njoo, wala la usije.

Firdausi alikwenda na kilo kumi za unga. Alikuta turubai limetandazwa uani, wanaume upande mmoja, wanawake upande wa jikoni, masufuria matatu mekoni. Hakuna aliyemwonyesha pa kukaa, basi akachukua kisu akaanza kumenya vitunguu. Moshi ulikuwa mwingi. Ulipanda, ukatanda, ukachanganyika na sauti za wasomaji, na kila kitu kikawa laini pembeni: nyuso za wanawake, kuta, mlio wa treni ya mizigo ikielekea Kwala. Alihisi ameketi ndani ya asubuhi ile aliyokuwa akiwauzia watu, na haikuwa kama alivyoisimulia. Palikuwa na nzi, na mjane alikuwa amekonda.

Dua ilipokwisha, Hamidu alisimama. Alitoa karatasi kutoka ndani ya kanzu, akaikunjua, akaishika mbali na macho kama wafanyavyo watu wa umri wake.

"Kuna barua," alisema. Akakohoa. "Ilikuja ya kwanza, mkaisikia, na mimi nikaiamini, Mungu anisamehe. Sasa sikilizeni na hii."

Akaisoma. Alisoma polepole, akikwama kwenye maneno ya sheria, akirudia, watu wakingoja. Alipofika mahali palipoandikwa kwamba marehemu Salehe alitoa taarifa zake kwa ukweli, sauti ilimkatika, akaanza upya mstari ule kutoka mwanzo ili usisikike nusu. Bi Kudra alisikiliza akiwa ameegemea nguzo, macho ameyafumba, na midomo yake ilikuwa ikifuata maneno kimyakimya, maana alikuwa ameyahifadhi.

Barua iliisha. Mtu akasema, "Allahu Akbar," wengine wakaitikia.

Bi Kudra akafumbua macho. Akajifunga khanga vizuri, akapita katikati ya moshi mpaka alipokuwa Firdausi, akatazama sinia la vitunguu vilivyokatwa, vingine vikubwa, vingine vidogo, kazi ya mtu ambaye akili yake ilikuwa mbali.

"Hivi ndivyo mnavyokata vitunguu huko Kisarawe?" aliuliza.

Akavuta kigoda, akaketi kando yake, akachukua kisu cha pili.